Siku Niliyomsogeza Ng'ombe wa Dunia

Wewe uliyeanza kubetua mdomo kabla sijafungua wangu, tulia. Najua unachotaka kusema. Utasema haya ni mambo ya watu wasiosoma. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, tena nilikuwa wa kwanza, na wavulana wa kijijini kwetu Miteja walinakili hesabu zao kwenye daftari langu bila haya. Kwa hiyo usinicheke. Kama huwezi kusikiliza mpaka mwisho, nenda kachambue mchicha, utafaa zaidi huko.

Nilipokuwa mtoto, dunia ilikuwa juu ya pembe ya ng'ombe. Sisemi watu walidhani iko juu ya pembe. Nasema ilikuwa, kama leo ilivyo mviringo kwa sababu nyote mmekubaliana. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Somoe, aliupanga ulimwengu kama mtu anavyopanga vyungu kona ya jiko: juu kabisa ardhi, ardhi juu ya pembe moja ya ng'ombe, ng'ombe juu ya jiwe, jiwe juu ya mgongo wa samaki, samaki ndani ya bahari, bahari juu ya upepo, upepo juu ya giza. Kabla ya hayo yote hakukuwa na kitu. Mungu akasema "Kuwa," ikawa. Na mwisho wake ni siku ng'ombe atakapochoka. Akichoka kidogo huihamisha dunia kutoka pembe hii kwenda pembe ile, ndipo ardhi hutetemeka. Akichoka kabisa ataitupa chini, na hapo hatabaki mtu wa kuniuliza nimepika nini.

"Na giza limekaa juu ya nini?" nilimwuliza siku moja.

Akanizaba kofi. "Juu ya hilo," akasema.

Mwaka juzi mjukuu wangu Rehema, anayesoma chuo kikuu, alikuja likizo akaniambia kwamba vitu vyote, jua na nyota, mimi na yeye na sufuria zangu, vilianza na kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Kikatanuka. Mpaka sasa kinatanuka, nyota zinazidi kukimbiana, na mwisho kila moja itakuwa peke yake, baridi, gizani. Nikamwuliza hiyo punje ilikuwa imewekwa wapi. Akasema, "Bibi, swali hilo halina maana." Nikaona wasomi wa siku hizi wana adabu. Jibu ni lile lile, kofi tu ndilo halipo.

Sasa nikueleze nilivyomsogeza yule ng'ombe.

Babu yangu alikufa mwanzoni mwa masika, mwaka ule ambao picha ya Mfalme ilishushwa darasani kwetu na ya Malkia ikapandishwa kwenye msumari ule ule. Bibi akakaa eda. Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio wake, hatoki. Kwetu kulikuwa na nyongeza. Mjane hakuachwa peke yake. Alipewa mtoto wa kike wa kukaa naye, kumchotea maji, kulala naye chumba kimoja mpaka siku ya kutoka. Mtoto huyo naye hakutoka. Nikachaguliwa mimi. Shangazi yangu Mwajuma, dada wa baba, alikuja kunishika mkono mlangoni mwa shule kama mtu anayemfuata mbuzi aliyeingia shamba la watu.

"Nitarudi lini?" nilimwuliza njiani.

"Kwani huko unakokwenda ni kubaya? Utakula bila kulima."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba. Kimoja chetu, mimi na Bibi. Kingine cha marehemu, kimekunjiwa mkeka juu, hakuna wa kukikalia. Dirisha lilikuwa dogo, ukitoa kichwa mabega yanabaki. Asubuhi jua lilipenya hapo likaweka kipande cha mwanga sakafuni, ukubwa wa sahani, kikatembea polepole mpaka ukutani kisha kikafa. Nilikijua kipande kile kuliko nilivyomjua baba yangu. Niliruhusiwa kwenda uani, chooni, na kurudi. Na uani alikaa shangazi na kinu chake, anatwanga, macho hayamtoki mlangoni. Sijui alitwanga nini miezi yote ile. Nadhani siku nyingine alitwanga kinu chenyewe.

Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya pili niliuliza kama naweza kwenda shule asubuhi nikarudi adhuhuri. Ndipo Bibi aliponieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine.

"Unajua kwa nini ng'ombe hasogei?" akaniuliza. "Mbele ya jicho lake Mungu ameweka nzi. Ng'ombe anamtazama yule nzi usiku na mchana."

"Ng'ombe aliyebeba dunia anaogopa nzi?"

"Hamwogopi nzi. Anaogopa alichoambiwa juu ya yule nzi." Akanisogelea. "Sasa sikiliza. Nyumba yenye eda ni nzito. Kuna mjane, kuna mtoto, kuna msiba. Ng'ombe ameshauzoea uzito huo. Mtoto akitoka kabla ya siku, nyumba inakuwa nyepesi ghafla, upande mmoja unanyanyuka, ng'ombe anashtuka. Akishtuka, hamtazami tena nzi."

"Halafu?"

"Halafu utakuwa umewaua watu wa Miteja, na wa Kilwa, na wa Lindi, na Wazungu bomani, kwa ajili ya kwenda kuhesabu vijiti."

Usicheke. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Upande wa pili alikuwepo Mwalimu Damiano, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Huyu alitufundisha kwamba dunia haikushikwa na kitu. Alishika chungwa mkononi akalizungusha mbele ya taa ya chemli, akasema zamani dunia yote ilikuwa moto, ikapoa juu kama uji unavyopoa, na sisi tunalima na kuzikana juu ya utando wa uji. Ndani bado moto. Na jua nalo ni taa, iko siku utambi utakwisha. Mvulana mmoja akauliza lini. "Baada ya mtihani," akajibu mwalimu. Tulicheka mpaka Malkia akaning'inia upande.

Huo mtihani ndio uliokuwa unanila moyo. Ulikuwa wa kuingia shule ya kati. Kutoka shule yetu mwalimu alikuwa ameandika majina manne, matatu ya wavulana na la kwangu, na lori la serikali lingekuja kutuchukua kwenda kuufanyia Kivinje. Ukiukosa huo, umelima. Na eda ya Bibi ilikuwa inakwisha miezi miwili baada ya siku ya lori.

Mwalimu alikuja kuniombea. Alisimama barazani, nje ya dirisha, amegeuza mgongo kwa sababu mjane yumo ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Macho yako yasiingie humu."

"Nimegeuza mgongo, mama."

"Mgongo wako una masikio mapana. Sema."

Akasema. Akaeleza mtihani, akaeleza lori, akasema siku mbili tu, mtoto atarudi. Bibi alimwacha amalize.

"Mtihani utakuja tena mwakani," akasema Bibi. "Mume wangu atakuja tena mwakani?"

"Mama, mwakani hawatamchukua, atakuwa ameshapita. Wanachukua wa darasa la nne."

"Basi wamchukue mwingine. Watoto wamejaa tele."

Baba alikuwa hapo hapo barazani. Nilimsikia akikohoa. Baba yangu alikuwa hodari sana wa kukohoa. Mwalimu akamgeukia, akamwambia, "Mzee, wewe unasemaje?" na baba akasema hii nyumba ni ya mama. Mwalimu akaondoka. Aliponipita dirishani alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Jumatatu. Saa nne. Chini ya mnara wa shule." Mnara wenyewe ulikuwa gogo lenye kengele.

Chini ya kitanda cha marehemu kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi iliyovunjika mguu. Niling'oa chuma chake. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, kama zote, na ukuta wa ubavuni wa chumba chetu ulitazama shamba la muhogo, hakuna mtu. Bibi aliposali, nilichimba; alipotoa salamu, nilikuwa nimeshasogeza mtungi wa maji mbele ya tundu. Alikuwa mwanamke wa sala ndefu, Mungu amlipe. Udongo niliuficha chini ya mkeka wa kitanda kile kisichokaliwa, nikijua hapo hakuna atakayegusa. Nilichimba siku tano. Udongo ukatoka, fito nikazikata moja moja, nikaacha ganda jembamba la nje ili mwanga usinisaliti. Na kila nilipochimba nilimfikiria ng'ombe. Usidhani nilikuwa simwamini. Nilimwamini. Nilijiambia mimi ni mwembamba, nitatoka taratibu sana, hatahisi.

Jumatatu asubuhi Bibi aliingia kwenye sala yake ya dhuha. Nikalala kifudifudi, nikasukuma ganda kwa kichwa, nikatoka mpaka mabegani, mpaka kwapani. Nikaona majani ya muhogo. Miezi miwili na siku kumi sikuwa nimeona kitu kilicho mbali zaidi ya ua. Nikavuta pumzi. Kiunoni nikakwama, fito mbili zilinibana huku na huku. Hapo nikasikia mngurumo.

Nikafikiri ni lori. Nikafurahi. Nikasema loo, limewahi.

Mngurumo ukaja ukapita chini ya tumbo langu. Ardhi ikanisukuma kidevu. Muhogo wote ukayumba, na upepo haukuwepo. Kuku wakatawanyika bila kelele, jambo ambalo sijaliona tena mpaka leo. Ukuta ukatoa sauti ya mtu anayetafuna muwa, udongo ukaanza kunimwagikia shingoni, na zile fito zikanikaza kiuno kama kidole na gumba. Uani nikamsikia shangazi anapiga yowe: "Ng'ombe anageuza pembe! Jamani, ng'ombe! Shikeni kitu!" Waliomwona wanasema alikumbatia kinu. Mtaa mzima ukaitikia kwa shahada.

Sikupiga yowe. Nilijua ni mimi.

Niliielewa hesabu yote mara moja, kama zile za ubaoni. Nusu yangu iko nje, nyumba imenyanyuka, ng'ombe amemwacha nzi. Watu wa Miteja. Watu wa Kilwa. Nikaanza kurudi nyuma. Ndipo mikono miwili iliponishika nyayo. Bibi. Nikadhani ananivuta nami nikajisukuma nisaidiane naye, lakini sikwenda popote, na udongo unazidi kushuka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Bibi alikuwa hanivuti. Alikuwa ananisukuma nje.

"Toka!" alikuwa anasema. "Toka, Zuhura! Toka mama, ukuta unakuja!"

Nikampiga teke. Nasema kweli yangu, nilimpiga teke bibi yangu mzaa baba, mjane, katika eda yake, akaangukia kitanda cha marehemu. Nikajing'oa kwenye fito, ngozi ya kiuno ikabaki, nikaingia ndani, nikakaa katikati ya chumba nimekunja miguu, nimejibana, nimejifanya mzito kadiri nilivyoweza. Nikasema kimoyomoyo: nimerudi, nimerudi, nimerudi.

Ikatulia.

Vumbi likashuka. Kipande changu cha mwanga kilikuwa sakafuni mahali pake, na sasa kulikuwa na cha pili, kikubwa, kinaingia kwa tundu nililochimba. Nyumba ilikuwa imepasuka pembe mbili lakini imesimama. Bibi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mumewe, anahema, ushungi umemtoka.

Haukupita muda, honi ikalia. Lori lilikuwa limefika kweli, na dereva, mtu wa Kilwa, anafoka barabarani: "Mimi naondoka! Barabara ikipasuka nitalala huku kwa nani?" Mwalimu Damiano akaja mbio mpaka dirishani. Safari hii hakugeuza mgongo.

"Zuhura! Umeumia?"

"Hapana, mwalimu."

"Toka basi. Wenzako wameshapanda."

"Nenda," akasema Bibi. "Pita mlangoni. Mimi nimesema."

"Sitoki," nikasema.

Baba nje akakohoa.

"Bibi yako kakuruhusu," akasema mwalimu. "Unaogopa nini?"

"Nikitoka itatikisika tena."

"Zuhura, nimewafundisha. Ni utando tu. Utando wa uji unajikunja."

"Umeuona?" nikamwuliza. "Mimi nilitoka, ikatikisika. Nikarudi, ikatulia. Wewe umeona nini, mwalimu?"

Alikuwa ametufundisha mwenyewe: tazama kwanza, kisha useme. Nilikuwa nimetazama. Mtu aliyekuwa na majibu ya jua na nyota alibaki ameshika kingo za dirisha letu, na honi inalia. Halafu akaenda. Nililisikia lori likibadilisha gia pale kwenye mteremko, likaenda na watoto watatu badala ya wanne.

Adhuhuri shehe wa msikiti wetu alipita nyumba kwa nyumba kuwapa watu pole. Alisimama nje ya mlango wetu akauliza kama mjane yu salama.

"Yu salama, hakutoka," akasema shangazi kwa majivuno. "Wala mtoto hakutoka."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wa eda."

"Binti yangu," akasema shehe, "eda ni ya mjane. Mtoto hana eda. Na mjane mwenyewe nyumba ikimwangukia anaruhusiwa kutoka. Nani aliwaambia akae afe?"

"Ndivyo tulivyokuta," shangazi akajibu, na akarudi kwenye kinu.

Ndani tulikuwa wawili. Bibi alikuwa anaokota madongo sakafuni, moja moja, anayaweka kwenye ungo.

"Ile habari ya ng'ombe," akasema, hanitazami. "Mwenyewe nimeikuta kwa bibi yangu. Ng'ombe, jiwe, samaki, yote. Ile ni kweli."

Nikamsogezea ungo.

"Ya mtoto kutoka, na nyumba kuwa nyepesi, hiyo niliitia mimi."

"Uliitia?"

"Kama mtu anavyotia chumvi." Akaweka dongo jingine kwenye ungo. "Miaka arobaini nimelala na mtu pembeni. Nilikiogopa kile kitanda. Nikasema nikimwachia asubuhi aende shule, jioni hatarudi. Nikasema kwa mama yake kuna wenziwe, kwangu kuna nini?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia unga umekwisha.

Watu huniuliza kama nilimsamehe. Hilo ni swali la watu wenye nafasi. Mmoja wa wale wavulana watatu aliishia kuwa karani mwenye baiskeli, mmoja alifeli akarudi, mmoja sikumsikia tena. Mimi nimelima ufuta, nimezaa sita, nimezika wawili. Sisemi ningekuwa nani. Huo nao ni ulimwengu mwingine, na sijui umekaa juu ya pembe gani. Mwalimu Damiano aliniambia baadaye kwamba tetemeko lile lingechukua muda wake ule ule, nitoke nisitoke. Nilimwamini. Hata Rehema nikimsikiliza na nyota zake zinazokimbiana namwamini, maana hana sababu ya kunidanganya. Hiyo ndiyo elimu yangu ya juu, niliipata ndani ya chumba kile siku ile: mtu akikueleza dunia ilivyoanza na itakavyokwisha, msikilize, kisha tazama anataka wewe ukae wapi.

Na sikumchukia. Nilipomtazama pale sakafuni na ungo wake nilimwona ni mwanamke mdogo, mdogo kuliko nilivyodhani, naye hana pa kwenda. Alikuwa na miezi miwili mbele yake. Nilijua mtu atakayelala naye ni shangazi, na shangazi anakoroma. Nilimwonea huruma. Lakini huruma si kamba.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nje."

"Lori limeshaondoka, mama."

"Najua."

"Kaa basi. Kaa tu leo. Kesho utatoka."

Nikamwokotea ushungi wake, nikampa. Kisha nikapita ukumbini, nikafika mlango wa mbele, nikatoka kwa miguu yangu miwili, juu ya ardhi, mchana kweupe. Baba alikuwa barazani. Alifungua kinywa akohoe, akakifunga. Nikasubiri kidogo, nimeukanyaga uwanja kwa nguvu zangu zote. Ardhi haikutikisika.

Nikageuka, nikaushika mlango, nikaufunga.